Mwalimu Kanana na Nishani ya Mwenda

Mwalimu Kanana amefundisha Garissa miaka ishirini na mbili, na joto la huko bado analilaani kila asubuhi kana kwamba ameshuka jana kutoka Meru. Mwanawe Mwenda alikuwa rubani wa ndege za kivita katika kikosi cha wanamaji. Mwaka juzi, vitani, aligeuza ndege akarudi peke yake kuikinga mashua ya wenzake iliyokuwa ikimiminiwa risasi karibu na ufuo. Mashua ikaponyoka, ndege ikatumbukia baharini. Mwili haukupatikana. Mama akakabidhiwa nishani ndani ya kisanduku. Wakubwa wakahutubia, wakala pilau, wakaenda zao.

Kanana hakuzika. Bila mwili, alijiambia, huenda kijana aliogelea. Ndugu yake Mwiti kila alipopiga simu kuuliza habari za matanga, alimkatia. Kilichomkereketa zaidi ni kwamba kati ya mabaharia tisa aliowaokoa mwanawe, hakuja hata mmoja kumpa pole. Aliwaita watovu wa shukrani, na mengine yasiyomfaa mwalimu kusema.

Jumamosi iliyopita alibisha hodi Deeq, mmoja wa wale tisa, baharia aliyezaliwa Habaswein, ambako maji yenyewe huvutwa kisimani. Alikuja na mbuzi wawili, macho chini.

"Bole, mama," alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Sisi mtu akikufa tunazika siku hiyohiyo, watu wanakuja. Nyinyi, niliambiwa, mnatangaza siku kwanza. Nikangoja tangazo. Miaka mbili."

Kanana akaona haya. Kumbe hasira yake yote ilikuwa imemwangukia mtu asiye na kosa. Akamkaribisha, akamtilia chai. Kisha akauliza lile ambalo hakuna mkubwa aliyewahi kumjibu.

"Ulimwona akitoka?"

Deeq aliweka kikombe chini. "Wallahi, nilitaka nikwambie ndiyo. Ndege ilibita juu yetu ikiwaka, nikaona kofia yake. Tulizunguka huko hadi jua ikazama. Hakutoka, mama."

Kanana alilia mbele ya mgeni bila kujificha, na mgeni naye akalia. Kanana alipopata sauti alimpigia Mwiti, akamwambia achimbe kaburi kule Meru, kando ya la baba yao.

"Dada, mwili hatuna," Mwiti alisema taratibu. "Nichimbe la kiasi gani?"

"Refu," Kanana akasema. "Mwenda alikuwa mrefu, unamjua."