Mwenye Kushika Simu

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa, amalize, halafu anipe nafasi. Mimi si mtu wa maono. Kwenye maombi ya mkesha huwa nasinzia, mke wangu ni shahidi. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, katika atelie yangu ya Katuba, hapa Lubumbashi, na sitaongeza kitu.

Kazi yangu ni montaji. Ndoa, ubatizo, kilio: unaniletea video, mimi nakata, naunga, naweka wimbo. Mashini yangu ni laptop kubwa ya michezo, ile ambayo vijana wanapigana nayo vita vya uongo. Niliinunua imeshatumika, kwa sababu ina karte grafike, kadi ya kuchora picha, yenye nguvu, na bila hiyo filamu moja utaingoja mpaka uote mvi. Shida yake ni joto. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijakolea, Lubumbashi yenyewe inachemka. Ukiipa hiyo karte kazi nzito, vantilateri, feni zake za ndani, zinalia kama ndege ya uwanja wa Luano inayotaka kuruka, kisha mashini nzima inazimika.

Ulikuwa ule wakati Mashariki ya nchi inaanguka vitani, mji baada ya mji. Sisi huku risasi hatukuzisikia, ila vita tuliviona kwenye nyuso za watu. Wafanyabiashara wa Kivu Kaskazini, wenye maghala pale sokoni, walisimama na simu sikioni toka asubuhi wakipiga namba ambazo hazipatikani. Malori yao yaliyokwenda hayakurudi. Wengine waliacha kufungua maghala kabisa.

Mmoja wao, Mama Muhindo, muuzaji wa maharagwe kwa jumla, alikuja kwangu na kikadi kidogo cha simu, kile cha kutunza video, amekifunga kwenye kitambaa. Muhindo alikuwa mtoto wake wa pekee. Alibaki Rutshuru, kule Kivu, kulinda nyumba ya familia. Nyumba iliungua na picha zote ndani, naye akauawa njiani akikimbia, mwili wake haukuonekana. Kikadi Muhindo alikuwa amempa dereva wa lori kabla barabara haijafungwa. Mama mwenyewe alikuwa na kasimu ka vitufe, kasiko na picha hata moja.

"Mutoto wangu," akaniambia, "kesho tunamaliza kilio. Sina kaburi, sina ata picha. Unifanyie filme nimuone sura yake, basi."

Nikakiweka kikadi kwenye mashini, nikaanza kutazama. Vilima, ukungu wa asubuhi, mbuzi, mashamba ya viazi. Na Mama Muhindo, siku alizokwenda kumtembelea mtoto wake, ameketi jikoni anacheka, na karibu kila video inaisha na sauti yake akimwita chakulani: "Muhindo, acha telefone, kuya kula." Nikamtafuta Muhindo. Hakuwemo. Unaelewa? Yeye ndiye aliyekuwa anashika simu. Mara moja niliona kivuli chake kwenye nyasi, mara moja kidole gumba. Nitamwambia nini yule mama?

Nikafanya kama tunavyofanya sote kwenye kazi hii. Nikaitoa sauti ya mpigaji wa video, nikafunika na wimbo wa korasi, nikakata sehemu zinazotikisika. Nikaiachia mashini itoe filamu. Ikafika katikati, ikazimika. Nikarudia. Pale pale, ikazimika.

Basi nikaanza kupigana nayo. Nikaifungua, nikapangusa vumbi jekundu kwa brashi ya meno, nikabadilisha ile pate ya kupozea, dawa nzito inayopakwa ndani, nikaiinua juu ya vifuniko vya chupa ipate hewa. Bure. Jirani yangu Mama Bupe anauza samaki wa Kasenga, ana friza. Nikabeba laptop nikailaza juu ya friza yake.

"Unataka niiuzishe na samaki?" akaniuliza.

Ikaanza kutoa jasho, nikaogopa maji yasiingie, nikairudisha atelie ikinuka samaki na bado ina moto. Mama Bupe akanionea huruma, akaniletea sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki. Akasema nile kwanza, maana hata mimi nilihitaji kupoa. Nani angekula?

Hapo mvua ikaanguka. Mbingu ikawa nyeusi saa za mchana, bati likanguruma, na mlangoni nikaona kijana amesimama. Alivaa puluva nzito ya sufu, katika joto lile. Na ilikuwa kavu. Viatu vyake tu vilikuwa na tope.

"Mukubwa, naomba ningojee mvua hapa."

"Ikala," nikamwambia.

Hakuketi. Alikuja karibu na meza akauliza kama mashini inachomeka kwa joto. Nikamjibu kwamba iko inachomeka toka asubuhi, kama haoni. Akaingiza viganja vyake viwili chini ya laptop, akaishika kama unavyomshika mtoto mchanga ukimtoa kwenye beseni. Uniamini, vantilateri zilishuka, zikashuka, zikanyamaza. Hewa ya baridi ikanipita usoni, na ilinuka moshi wa kuni na nyasi mbichi.

"Mikono yako iko na nini?"

"Kwetu kuko baridi," akasema.

Akaitazama kazi yangu kwenye kioo, polepole, mpaka mwisho. Halafu akauliza: "Na ule mwenye kushika telefone, utamuweka wapi?"

Nikamwambia mpigaji haingii kwenye filamu. Akasema hata sauti yake nimeitoa. Mimi, na hasira zangu zile, nikamuuliza kama amekuja kunifundisha kazi. Akatabasamu tu. Lakini neno lake lilikuwa limeshaniingia. Nikauondoa wimbo, nikairudisha sauti ya Muhindo, kicheko chake, hata pale picha inapotikisika. Nikaiachia mashini tena. Nikamsogezea kijana ile sahani ya Mama Bupe ale, maana mimi sikuigusa.

"Nikimaliza," akasema. Mikono yake ilikuwa bado chini ya mashini.

Mvua ikaendelea. Sauti ya Muhindo ikawa inacheka, ukungu unapanda kilimani, na sikujua tena kama ukungu uko kwenye kioo au uko ndani ya atelie. Usingizi ukanichukua nikiwa nimeketi.

Nilipoamka jua lilikuwa limerudi. Filamu ilikuwa imetoka yote. Laptop ilikuwa ya baridi, chini yake matone ya umande. Sahani ilikuwa nyeupe, tupu, miiba imepangwa pembeni. Na sakafuni kulikuwa na alama za viatu, tope jeusi tititi. Hapa kwetu udongo ni mwekundu, kila mtu anajua. Nilizifuta kwa kitambaa, nikafurahi kazi imekwisha, sikutaka kufikiri zaidi.

Kesho yake, kwenye parsele ya kilio, uani kwa Mama Muhindo, wakatundika shuka jeupe na kuonyesha filamu. Watu walilia waliposikia sauti. Ikafika mwisho nilioujua mimi: "Muhindo, acha telefone, kuya kula." Lakini picha haikukatika. Tukaona mlango. Mlango wangu, mvua nyuma yake, na yule kijana wa puluva amesimama anatutazama. Sikumpiga picha mimi, kamera ya laptop yangu imekufa toka nilipoinunua.

Mama Muhindo akainuka. Akaliendea shuka, akaweka kiganja kwenye shavu la mtoto wake. "Shuka iko baridi," akasema. Kisha akageuka kunitafuta.

"Ulimuona wapi?"

"Kwangu, Mama. Jana."

Nilidhani atapiga kelele. Akauliza kitu kimoja tu: "Alikula?"

"Alikula, Mama. Akamaliza sahani."

Hapo ndipo alipoketi chini akalia. Ndugu zake waliniambia ilikuwa mara ya kwanza toka habari ifike.

Toka siku ile laptop haijapata moto tena. Hata mwezi wa kumi, hata kwa ndoa ya siku nzima, ukiigusa chini ni baridi. Filamu ile, ukiifungua leo, mwishoni kuna mlango na mvua tu. Mama Muhindo hajaiomba tena. Anasema amemuona.

Nawe unayewapiga wengine video kila siku, geuza simu mara moja, ujionyeshe. Na mashini yako ikichomeka na kuzimika pale pale, pangusa vumbi, badilisha pate. Ikikataa bado, angalia ni nani haonekani kwenye picha. Uache na sahani ya chakula karibu. Atakuwa ametoka mbali.