Majani Aliyoyapanga Kilian

Balozi wa nyumba kumi, Gaudence, alivua kofia kabla ya kusalimia, na hapo Tadea, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijua kuna jambo.

"Shikamoo, balozi," alisema Notburga, ungo mkononi, akipepeta mahindi.

"Binti yangu, keti kwanza."

"Nikiketi nani atapepeta? Wewe?"

Mzee hakucheka. Alisema mtumbwi umepindukia ziwani, Lipingo, kwa upepo. Wawili wameogelea mpaka nchi kavu. Kilian, aliyekuwa ameteremka kununua samaki, hajaonekana.

"Hajaonekana si kwamba amekufa," alisema Notburga. Akatabasamu, akaendelea kupepeta. Tadea aliogopa lile tabasamu kuliko habari yenyewe, ingawa Kilian alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Notburga alizaliwa Litumbandyosi, akaolewa na Kilian hapa Mapera akiwa msichana wa kucheka kwa sauti. Kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa na watu wakaambiwa wabomoe nyumba zao za mlimani, yeye ndiye aliyeimba njiani, kitanda kichwani. Mungu alikuwa hajawajalia mtoto, na hilo nalo alilifanyia mzaha mwenyewe, kabla watu hawajamwahi. Palipotokea msiba walimwita akae na wajane. Alikuwa na maneno kwa kila mtu.

Siku zikapita bila habari. Ndugu wa Kilian walikaa matangani, na Notburga akawapikia na kuwatania. Asubuhi alikwenda shambani, akarudi. Watu wakasema, mwanamke ana moyo wa jiwe huyu. Tadea, msomi pekee wa ukoo, alisikia, akaanza kumfuatilia wifi yake kwa macho.

Kabla ya kusafiri Kilian alikuwa amefyeka mteremko wao na kuyapanga majani kwa mistari iliyokatizana, kama afanyavyo kila mwanamume wa Kimatengo anapoandaa ngolo, shamba la mashimo la mteremkoni. Kazi ya mke ni kuchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia yale majani, yawe matuta ya kupandia maharage. Mashamba ya jirani yalikuwa tayari yamefukiwa. La Notburga lilikaa wazi, na kila alipoulizwa alijibu, "Majani bado mabichi."

Siku moja Tadea aliona jembe limeachwa ukutani. Kamba ya kufungia kuni haikuwepo. Alipanda mlima mbio, akisali Salamu Maria bila kuimaliza.

Alimkuta Notburga ameketi kati ya mistari ya majani, kamba mapajani. Majani yalikuwa yamekauka kabisa. Mchwa walikuwa wameanza kuyala.

"Umekuja kunichungulia, wifi? Ndiyo maana wanasema wasomi hamna kazi."

"Nimekuja tufukie."

"Nimesema mabichi."

Tadea alichukua unyasi mmoja akauvunja. Ulikatika kwa mlio mkavu. Ndipo alipoelewa.

"Wifi, unaogopa kumzika."

Notburga alifungua kinywa kutania, maneno yakakosekana.

"Nikiyafukia ndiyo basi, hakuna alichobakiza," alisema. "Na naogopa kamba hii, Tadea. Nimekuja nayo, na sitaki kujua kwa nini. Ichukue."

Tadea aliichukua. Akaifunga kiunoni mwake.

"Twende kwa katekista."

"Mimi? Mimi niliyewafariji wajane wa kijiji kizima nikamwambie siwezi kusali?"

"Mwambie hivyohivyo."

Jumapili, katika kanisa dogo la kigango, mbele ya watu wote, Notburga alipiga magoti akasema hana nguvu, hana neno, anaomba aombewe. Wanawake waliomzoea akiwabeba walitazamana kwa hofu. Katekista Bartholomayo alimwinua.

"Kama huwezi kusali, mama, keti tu. Sisi tutasali."

Aliketi, akalia mpaka ibada ikaisha, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Usiku ule alilala. Tadea, aliyekuwa akimlinda tangu siku ya shambani, naye alilala.

Juma lililofuata habari ilipanda kutoka ziwani: mwili wa Kilian umeonekana. Notburga aliogopa kwenda, akasema anaogopa, akaenda.

Yeye, Tadea na katekista walisafiri kwa lori, kisha kwa miguu. Walipofika Lipingo kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa, kwa sababu mwili usingengoja. Mwanabibi, mke wa bwana samaki, yaani ofisa wa uvuvi, mwanamke wa Kilwa na Mwislamu, ndiye aliyetoa shuka jeupe la kumsitiri. Notburga alimshika mikono yote miwili akamshukuru. Katekista alisoma sala za marehemu, wakaimba wimbo mmoja. Mjane aliweka udongo, Tadea akaweka, na wavuvi waliomtoa majini wakaweka. Msalaba wa mti ulisimikwa, jina limechomwa kwa chuma cha moto. Notburga alipiga magoti, akasema, "Pumzika, baba," akainuka. Walikula ugali kwa Mwanabibi, wakaanza safari ya kurudi, Notburga akisema majani yamekauka, wakifika watayafukia.