Vidonge Alivyoviacha Fundi Mizani

Mume wangu alikuwa fundi wa mizani, na watu walimwita Gramu kwa sababu gramu moja ikipotea hakuisamehe. Mizani za bucha, za maduka ya unga, za kupimia watoto wachanga zahanati, zote zilipita mikononi mwake. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa karakana yake. Mlikuwa na meza ndefu, springi zilizopangwa kwa unene, na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba ya kupimia, kuanzia la kilo kumi mpaka vidude vidogo kama kucha. Hakuna aliyeruhusiwa kuyashika kwa mkono. Alisema jasho la kidole lina uzito. Miaka ishirini na minne niliishi na mtu anayepima jasho la kidole, na mtu huyo huyo alinidanganya jambo moja kubwa, kisha akaniacha nilibebe mimi.

Kwao wanaume hawazeeki. Baba yao alianguka kabla sijaolewa. Kaka yake mkubwa alianguka akiwa na miaka arobaini na tisa, ameinama kufunga kamba za viatu, na hakuinuka tena. Gramu alipotimiza arobaini na saba nikamwambia twende hospitali akapimwe moyo.

"Mimi siumwi," akasema. "Unanipeleka nipimwe nini, urefu?"

"Kaka yako naye alikuwa haumwi."

Akavaa shati la kutokea, tukaenda.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti. Walimtoa damu, tukarudi kesho yake kusikiliza majibu. Alisema kolesteroli mbaya ni mia moja tisini na mbili, nyingi mno kwa mtu ambaye ndugu zake wameanguka mapema. Akaeleza kwamba ni mafuta yanayotembea kwenye damu na kujibandika ndani ya mishipa ya moyo, kidogo kidogo, miaka na miaka, bila maumivu yoyote. Siku mshipa unapoziba ndipo mtu anapata mshtuko wa moyo.

"Lakini sisikii kitu," Gramu akasema.

"Ndiyo ubaya wake. Ungesikia, ungekuja zamani."

Akamwandikia vidonge, kimoja kila siku. Alisema chakula kitasaidia, lakini kwa mtu wa ukoo wake chakula peke yake hakitatosha. Tulipokuwa tunatoka tukapita maabara, na Gramu akasimama mlangoni akamuuliza kijana wa vipimo, "Mashine yako hii ilihakikiwa lini?"

"Kwani vipi, mzee?"

"Nauliza tu. Mimi kipimo kisichojulikana kimehakikiwa na nani, sikiamini."

Watu kwenye benchi wakacheka. Nami nikacheka. Nilijivunia hata, kuwa na mume anayewahoji wasomi.

Basi nikaanza kazi yangu. Kila jioni akimaliza kula nilimletea kikombe cha maji na kidonge kwenye kisahani, nikasimama hapo mpaka ameze. Aliniita askari jela. Niliacha kukaanga. Nyama nilikuwa naitoa mafuta yote kwa kisu kabla haijagusa sufuria, na akiiona kwenye sahani ananitazama na kusema, "Mke wangu, huyu ng'ombe umemnyoa?" Lakini alikula. Miezi mitatu hatukukosa hata siku moja.

Siku ya kurudi hospitali alikwenda peke yake. Mimi nilikuwa nafua mashuka ya nyumba ya wageni, na siku hiyo walikuwa na wageni wengi. Niliporudi nikamkuta amepanda kwenye kiti, anabandika karatasi ukutani pembeni ya cheti chake cha ufundi.

"Tisini na sita," akasema, kidole kwenye tarakimu. "Kutoka mia na tisini na mbili. Nusu kamili. Umewahi kuona?"

"Daktari amesemaje?"

"Amesema nimemaliza dozi."

"Uache kabisa?"

"Kabisa. Mama, mizani ikishakaa sawa unaifunga kwa muhuri wa risasi, basi. Huichokoi tena. Ukiendelea kuichokoa unaiharibu mwenyewe."

Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Baba yangu alisema msichana akijua kuhesabu vyombo inatosha. Tarakimu nazijua kwa sababu ya sokoni, maneno siyajui. Niliitazama ile karatasi, nikaona tisini na sita, na chini yake mistari miwili ya mwandiko wa mkono. Sikumuuliza inasema nini. Mtu asiyedhulumu gramu ya unga wa jirani, utamuulizaje?

Kikombe nikakirudisha kabatini.

Niliyoyajua baadaye ni haya. Vile vidonge vilikuwa vinamletea maumivu ya mapaja, hasa akipanda ngazi, na wakati ule hakumwambia mtu. Angemwambia daktari, angepunguziwa dozi au kubadilishiwa aina nyingine, ni jambo la kawaida. Yeye alisubiri namba ishuke, na iliposhuka akapata sababu. Kichwani mwake mwili ulikuwa umerekebishwa na kazi imekwisha. Hakufahamu kwamba dawa ndiyo iliyokuwa imeishika ile namba pale chini, na kwamba ukiiacha inapanda kama mwanzo. Au alifahamu. Hilo nalo sitalijua.

Ulipita mwaka mmoja na nusu.

Alikuwa kwenye duka la unga, saa nne asubuhi, anahakiki mizani kubwa ya magunia. Mwenye duka alinisimulia. Anasema Gramu alishika taya, akasema jino linamsumbua. Kisha akasugua mkono wa kushoto. Jasho lilimtiririka na kulikuwa na baridi. Wakamwambia akae, akasema ni gesi, kwanza amalize, mshale haujatulia. Akaweka jiwe la kilo kumi, akaliondoa, akaliweka tena. Alipokwenda kuliondoa mara ya tatu aliinama nalo mpaka chini.

Nilifika hospitali mikono bado ina povu. Wifi yangu, dada yake wa pekee, alifika jioni kutoka mji mwingine. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na hajawahi kumsamehe kaka yake kwa kuoa mfuaji. Yule daktari mfupi alikuja kitandani akiwa na faili, akaniuliza kama mgonjwa anatumia dawa ya kolesteroli.

"Alimaliza," nikasema. "Ulimwambia aache."

Alinitazama, akafungua faili. "Mimi niliandika aendelee. Kila siku, maisha yake yote. Na arudi baada ya miezi sita. Hata kwenye karatasi ya majibu niliandika kwa mkono wangu."

"Karatasi ipi?" wifi akauliza.

"Ya ukutani," nikasema, kabla sijajua kwamba ni bora ningenyamaza.

Wifi aligeuka taratibu. "Iko ukutani kwako. Mwaka na nusu. Ulidhani ni pambo?"

"Wifi, mimi sijui kusoma."

"Hujui kusoma, lakini kukaanga unajua. Umemlisha kaka yangu mafuta mpaka moyo umeganda, dawa ukaacha kumpa, leo unasema hujui kusoma."

Gramu alikuwa macho. Mpira wa oksijeni puani, lakini macho wazi kabisa, yananitazama mimi, kisha yanamtazama dada yake. Nilingoja. Neno moja lingetosha, hata kutikisa kichwa. Akageuza uso akatazama dirisha.

Alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Sasa vidonge vilikuwa vya aina tano, asubuhi na jioni, na safari hii alivimeza bila kusimamiwa. Kolesteroli ilishuka mpaka sitini na kitu. Namba nzuri kuliko zote. Nilimuuliza daktari kama basi moyo utarudi, akaniambia ukweli, na namshukuru kwa hilo. Alisema sehemu kubwa ya nyama ya moyo imekufa. Dawa inalinda kilichobaki, kilichokufa haikifufui. Kama angeimeza ule mwaka na nusu, huenda mshipa usingeziba.

Akasema na jingine. Alisema mafuta ya namna hii, yaliyowaangusha baba na ndugu wawili, si ya sufuria, ni ya damu ya ukoo. Akaagiza dada yake Gramu apimwe, na binti yetu apimwe.

Hilo nikalishika kwa mikono miwili. Nilimpigia wifi siku hiyo hiyo.

"Daktari anasema ni ya ukoo. Ukapime, wifi yangu. Ni damu kidogo tu."

"Ukoo wetu hauna ugonjwa," akasema. "Marehemu kaka yangu aliuawa na mawazo. Huyu mwingine ameuawa na jiko lako, na bado hajafa. Unatafuta pa kusukumia lawama."

Nilimwelewa. Akipima ikaonekana anayo, atakuwa amenisafisha kwa damu yake mwenyewe. Afadhali abaki nayo.

Gramu hakuweza tena kuinua jiwe la kilo mbili. Miguu ilimvimba, akawa analala ameketi. Wateja walikuja mara moja, mara mbili, wakiona mizani zao zimejaa vumbi wanazibeba kwa adabu na kwenda nazo kwingine. Mchana mmoja nikiwa nampaka mafuta miguuni nikamuuliza.

"Kwa nini uliniambia daktari amekuachisha?"

Aliuangalia mguu wake uliovimba.

"Ungenisumbua," akasema. "Ungesimama pale na kikombe chako kila siku mpaka nife."

"Ningesimama."

"Ndiyo hivyo."

"Basi mwambie dada yako. Mpigie, simu hii hapa. Mwambie ulinidanganya."

"Ikishasemwa itabadilisha nini? Mimi ndiye ninayekwenda. Niache niende na heshima yangu."

"Na yangu?"

Akafumba macho. Nikamaliza mguu wa pili, nikafunga kopo. Kumwacha ningeweza, ndugu zangu waliniambia nimwache, lakini mtu anayevuta pumzi kama anapandisha gunia ghorofani unamwachia nani?

Alikufa mwezi wa kumi na moja tangu mshtuko, saa tisa mchana, kwenye kiti chake. Vidonge vya asubuhi alikuwa amemeza vyote vitano. Msibani wifi alikaa katikati ya wanawake akawasimulia kuhusu sufuria zangu, na mimi nikiwa chumba cha pili nasikia. Wengine waliingia kunipa pole huku wanachungulia jikoni.

Binti yetu ana miaka ishirini na tatu. Anafanya kazi ya mapokezi kwenye ofisi ya mawakili, mji ule wa shangazi yake, na anaishi kwake. Nilimsihi tena msibani apime kabla hajaondoka. Alipima kwa ajili yangu. Mia mbili na nne. Daktari akampa vidonge vile vile, akamwambia yeye ana bahati kwa sababu ameanza mapema, akinywa kila siku mishipa yake inaweza kukaa safi hadi uzee. Ana bahati. Nililishika neno hilo wiki mbili nzima.

Sasa nampigia kila jioni saa kumi na mbili.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, mama."

Mwezi uliopita sauti yake ilibadilika. Akaniambia shangazi amemtafutia chakula maalumu, haweki mafuta kabisa, na amepungua kilo nne.

"Vizuri. Na kidonge?"

"Shangazi anasema vidonge ni vya wazee. Anasema nikishatoka kwenye mapishi ya..."

"Ya nani?"

"Mama, usianze."

"Baba yako alikula nyama niliyoinyoa, mwanangu. Hakuna mafuta yaliyobaki ya kukata. Alifikisha tisini na sita kwa kidonge, akaacha, akaniambia daktari ndiye kamwachisha. Alinidanganya."

"Marehemu hawezi kujitetea, mama. Shangazi alisema utasema hivyo."

Nilitaka kumwambia kwamba babake alikuwa na miezi kumi na moja ya kujitetea, na dada yake alikuwa anapatikana kwa simu. Lakini nilijua nikisema hilo atakata.

"Nisomee basi kwenye pakiti," nikasema. "Vimebaki vingapi?"

Nikasikia karatasi inachakarishwa. Huenda ilikuwa pakiti, huenda lilikuwa gazeti.

"Kumi na viwili," akasema. "Nakunywa, mama. Usijali."

Nimemtuma mama mmoja wa nyumba ya wageni, anayekwenda mji ule, akamwone. Aliambiwa binti yuko kazini, akakaribishwa chai na shangazi, akarudi akiniambia nyumba yao ni safi sana. Daktari nilimwendea, akasema binti ni mtu mzima, hawezi kumfuata. Akaniandikia barua nimpelekee. Nimeituma. Barua inafikia nyumba ya wifi, na wifi ndiye anayepokea barua zote.

Bado nampigia saa kumi na mbili. Juzi aliniambia ana kazi nyingi, tuzungumze Jumapili. Jumapili aliniambia amekunywa, kabla hata sijamuuliza.