Tuta Lililoonekana Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini nilitupa maua ambayo mwenye duka alikuwa ameyasubiri msimu mzima. Nilikuwa nimetoka mashamba ya waridi ya Naivasha, ambako tulipanga maua kwa urefu na shina lililopinda halikuwa na bahati. Basi nilipopewa ndoo ya maua ya porini nikachagua yaliyonyooka, mengine nikayatupa kwenye mboji. Mwenye duka, mama wa Kijapani mwenye nywele nyeupe na aproni ya viraka, aliyaokota moja moja bila kupandisha sauti.

"Huko kwenu mlifunzwa kunyoosha," aliniambia. "Wateja wangu hununua pale lilipopinda."

Duka lilikuwa mashambani, mbele ya mji wa Germantown ninakoishi huku ughaibuni, pale nyumba zinapoisha na mazizi ya farasi yanapoanza. Tuliuza maua ya mwituni ya Japani tu, tuliyoyaotesha wenyewe. Wengi wa wateja walikuwa walimu wa sherehe ya chai ya Kijapani, ambao huweka ua moja au mawili kwenye chombo, yakae kama yalivyosimama porini. Wenzangu wa kanisani walinicheka. Kila mtu alikuwa akisomea cheti cha kutunza wazee, nami, walisema, nimevuka bahari kuja kuuza magugu. Nikawajibu kwamba magugu nayo yana wenyewe.

Nilianzia chumba cha maji. Kazi ya huko ni kukata shina likiwa ndani ya maji, ili hewa isiingie kwenye mishipa yake, kisha kuliacha linywe mahali penye kiza na baridi. Kuna ua la zambarau liitwalo kikyo, lenye umbo la nyota, ambalo hutoa utomvu kama maziwa. Usipouosha utomvu ule kwanza, shina huziba na ua hunyauka mbele ya mteja, na aibu ni yako. Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa bustanini, nikakaa huko mpaka mwisho.

Bustanini ndiko nilikoijua katakuri. Ni ua dogo la rangi ya waridi iliyokolea, huinamisha kichwa na kukunja petali zake kurudi nyuma. Mbegu yake ikishaota, kila majira ya kuchipua hutoa jani moja tu, na kabla joto halijashika, jani hufa na mmea hulala chini ya udongo hadi mwaka unaofuata. Huendelea hivyo miaka saba au minane. Ukiona jani la pili ndipo ujue ua linakuja. Mwenye duka alikuwa amepanda tuta zima chini ya miti, kwa mbegu, akanikabidhi mimi kulipalilia.

Tuta lilikuwa bado la jani moja moja alipoishiwa nguvu akahamia makao ya wazee. Binti yake, aliyefanya kazi za kompyuta huko mjini Falls Church, akawa Meneja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja Jumamosi, amechoshwa na foleni za barabarani, na maua ya mwituni aliyaona mzigo wa mama yake. Mwezi wa saba alisimama mbele ya lile tuta akasema lichimbwe, limwagwe kokoto, liwe maegesho. Duka lenyewe alifikiri kuligeuza liuze waridi za jumla.

"Hapa hakuna kitu," alisema.

"Kipo. Kimelala."

Nikamwambia silichimbi. Angojee majira ya kuchipua, ambayo yangekuwa ya nane tangu mbegu ziote. Jani la pili lisipotokea, nitalichimba mwenyewe na kwenda nyumbani. Akakubali. Papa Dieudo, dereva wetu kutoka Bukavu, alinifuata nyuma ya banda.

"Maman Wambui, watakufukuza juu ya udongo, kweli? Hata ua hakuna, alors unabishania nini?"

"Miaka yangu," nikamjibu, na nilikuwa nimekasirika hasa.

Majira ya baridi yale niliogopa. Panya wa shambani hula vitunguu vya katakuri, yaani mizizi yake iliyovimba, huko chini, wala huwezi kujua mpaka muda wake ufike.

Vijana mnaoanza kazi hii huniuliza kwa nini nilistaafu mwaka uliofuata, magoti yakiwa bado yanavumilia. Ni kwa sababu ya asubuhi moja. Majani ya pili yalikuwa yametokea, si kwa mimea yote, lakini yalitosha, na machipukizi ya maua yalikuwa yameshainama. Nikampigia Meneja simu, naye akamleta mama yake kwa kiti cha magurudumu. Kulikuwa na mawingu. Katakuri haifunguki bila jua, kwa hiyo tulikuta maua yamefumba. Meneja alisema warudi siku nyingine, lakini mama yake akasema anakaa.

Tukakaa. Jua lilipotoka, petali zikaanza kujikunja taratibu, lakini maua yalitazama chini na mzee kwenye kiti chake hakuweza kuona ndani yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Meneja akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya ofisini, akaweka shavu karibu na ardhi, akaanza kumweleza mama yake anachokiona: michirizi ya zambarau iliyokolea, katikati. Alikaa pale chini muda mrefu.

Kisha, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Mbegu zake huiva lini?"

Nikageuka kumtazama mama yake. Mwaka uliotangulia binti alikuwa tayari kumwaga kokoto, sasa anauliza habari ya kitu cha miaka minane.

"Mjibu, Mama Wambui," mwenye duka akasema. "Anataka kupanda."

Nikamwambia ni mwezi wa sita, na kwamba kumfundisha kuzipanda ndiyo itakuwa kazi yangu ya mwisho.