Surua ya phonie

Juzi, rafiki yangu Mulekera, niliona mtoto akimwelekeza baba yake kwa simu apite barabara ipi, mtaa mzima ukisikia. Nikakumbuka phonie ya Butembo wakati wa vita, ile redio ya kuongelea iliyonuka mafuta ya jenereta. Foleni yote ilisikia maneno yako, na askari wa porini pia. Nikiwa mtoto, hilo sikulijua, wala habari mbaya ya barabara ambayo mama aliipata sokoni.

Nilijua tu kwamba papa angerudi siku hiyo kutoka Beni na viatu vyangu. Tulivibishania sana hadi akakubali vya kamba.

Mama akabonyeza kifungo cha phonie. "Papa Kavira, usikuje. Batoto bote biko na surua. À vous," akamaliza, kumpa papa zamu ya kujibu.

Nikakagua mikono yangu, mara mbili. Safi. "Mama, surua gani?"

"Nyamaza, mugonjwa," koko, mama ya papa, akasema akinifunika kitenge.

Sauti ya papa ikakwaruza kwamba amesikia: "Bien reçu. Nitabakia."

Jioni, dereva wa lori ambalo papa angepanda aliingia mjini kwa miguu. Askari wa porini walimnyang'anya mzigo wote, hata viatu. Wakubwa wakamshukuru Mungu. Mimi nikatazama zile nyayo tupu, nikakasirika upya: basi naye hajaniletea viatu vyangu.