Tairi la Maganga

Juzi pale Shanwe nilimwambia fundi wa baiskeli anijazie tairi mpaka liwe gumu kama jiwe. Akacheka. "Kwa jua hili, mama? Upepo ukipata joto unavimba. Utapasua tyubu."

Nilikaa kwenye benchi lake nikinusa mpira wa moto, na siku ya mashindano ya baiskeli kule Kabungu, nikiwa mtoto, ikanirudia.

Kaka yangu Maganga ndiye aliyetegemewa kushinda. Asubuhi, kukiwa bado na baridi, nilichukua pampu kwa siri nikaongeza upepo hadi mikono ikaniuma, maana niliamini tairi gumu ndilo linalokimbia. Baiskeli ikashinda juani ikimsubiri. Mchana, katika mzunguko wa pili, tairi lilipasuka kama bunduki. Maganga akaanguka, akavunjika mguu.

"Ni Yeremia!" mama alipiga kelele. Yeremia alikuwa mpinzani wa Maganga, na asubuhi ile alikuwa ameishika baiskeli akiisifia. "Kaiwekea dawa!"

Watu wakamzunguka. Bado nasikia mawe yakitua mgongoni mwake, naye akisema, "Nimeigusa tu, jamani." Nilimwamini mama. Nilirusha mawe matatu, na la tatu lilimpata jichoni.

Nilipotoka kwa fundi nilimkuta Yeremia sokoni akiuza karanga. Nikampa shikamoo. Akanigeuzia jicho lililobaki, akatabasamu.

"Marahaba, mwanangu. Wewe sikulaumu. Ulikuwa mtoto, hukujua kitu."

Nikamwambia ni kweli.