Jina Walilolitoa Ndani ya Wimbo

Carlos Banza alichukua wimbo wa kilio cha mutoto wangu, akatoa jina la mutoto ndani, akauimba katika jumba la kale la misioni, watu wakacheza. Ndilo kosa. Ninalisema mwanzo, ili mutu asifikiri kama ninagombana na vijana ao na magitaa yao.

Mimi ni Clotilde. Ninauza chisense, samaki wadogo wa kukaushwa, kwenye soko la Kashikishi, hapa Nchelenge. Nilivuka ziwa mwaka wa 2017, kutoka kwetu, upande wa Pweto, tukikimbia vita, binti yangu Débora akiwa juu ya magoti yangu. Homa ilimushika ndani ya bwato. Kule Kenani, kwenye kambi ya wakimbizi, walitupatia hema, na kisha siku chache mutoto akaniponyoka. Baba yake alibakia ngambo, na mpaka leo hakuna anayejua kama anaishi. Ndugu sikuwa nao. Aliyekuja kukaa nami kwenye mukeka ni mama wa hema la jirani, Pierrette Banza. Yeye ndiye alishika miguu ya Débora wakati wa kumuosha. Mwana wake Carlos, kijana wa ndevu za kwanza, alikaa mulangoni na gitaa aliyojitengenezea kwa kopo la mafuta, akisikiliza.

Kwetu, mama mwenye kufiwa anatunga wimbo wa mutoto wake yeye mwenyewe. Mutu mwingine anaweza kuuimba kwa kilio kingine, lakini kwanza anaita jina la mufu, na mama, popote alipokaa, anajibu: "Yuko kwangu." Hapo tu wimbo unafunguka. Ukiimbwa bila jina, ni kama mutu anayegonga milango ya watu bila kusema anatafuta nani, na kifo kinaweza kuitika kutoka nyumba yoyote. Tena mutoto akisikia wimbo wake bila jina lake, anajua kama wamemusahau.

Wimbo wangu hauna maneno mengi. "Débora, tulivuka pamoja, nani alikushusha peke yako?" Ni hayo tu, yanarudi na kurudi.

Carlos alijua desturi hii. Pierrette alipokufa, kule kambini walikokuwa wanalima mihogo, Carlos aliimba wimbo wangu kwenye kilio cha mama yake. Aliita Débora kwanza, mimi nikajibu. Aliuimba vizuri sana, na nilimubariki. Kwa hiyo asiniambie kama hakujua.

Baadaye alitengeneza bande yake, Ngambo Mbili. Yeye anaimba na kupiga gitaa, Kingsley wa hapa Nchelenge anapiga ngoma, na binti mumoja, Towela, anapiga gitaa ya besi. Walianza kwa ndoa na kwa mabaa. Kisha vijana wakaanza kuwasikiliza kwenye simu, na mwaka huu wakaitwa kupiga ndani ya jumba la kale.

Emilienne, ambaye tunauza naye meza moja, ndiye aliniletea habari. Carlos alikuwa amemukuta kwenye bandari, akamutuma aniambie nije, wataimba wimbo wangu. Emilienne alinicheka kwa sababu niliacha samaki juani, nikaenda kufua kitambaa changu cheusi. Alisema nitakaa mbele kama muke wa gavana. Acha acheke. Hapa sokoni hakuna anayeniita Mama Débora. Tangu kilio cha Pierrette sikuwa nimesikia jina lile katika kinywa cha mutu. Nilitaka kulisikia likiitwa ndani ya nyumba kubwa, na nijibu.

Jumba lile wazungu wa misioni walilijenga zamani kwa matofali ya kuchoma. Dari iko juu sana, inashikwa na mbao nene kama mitumbwi, na madirisha yana vioo vya rangi, jua la muchana likiingia linapaka watu nyekundu na buluu. Zamani watu waliingia mule bila kofia. Siku ile walikuwa wamejaa mpaka kwenye madirisha, vijana Wabemba karibu wote, simu juu. Nilikaa mustari wa mbele, mikono juu ya magoti, na jibu langu tayari.

Kingsley akaanza ngoma. Ilikuwa ngoma ya kucheza. Towela akaingia, na sauti ya besi ikapanda kwenye benchi mpaka mugongoni mwangu. Nikasema moyoni, sawa, vijana wana namna yao, jina linakuja. Carlos akafunga macho, akaimba:

"Chérie, tulivuka pamoja, nani alikushusha peke yako?"

Chérie, ni kusema mupenzi. Mutoto wangu wakamugeuza kuwa kimada. Watu wakasimama, wakatikisa viuno. Nilingoja mara ya pili, pengine ameteleza. Ikarudi ileile. Basi nilisimama nikajibu, kwa sauti yote niliyokuwa nayo: "Yuko kwangu. Débora yuko kwangu."

Carlos aliniona. Aliniona vizuri, macho kwa macho. Kisha akacheka, akasema ndani ya mikro: "Muone mama yangu, naye wimbo umemushika." Wakanipigia makofi. Binti mumoja akanishika mukono, akataka tucheze.

Nilimungojea inje, kwenye mulango wa nyuma. Alitoka akiwa na jasho na furaha, akaniamukia, akaniuliza kama nimependa.

"Jina liko wapi, Carlos?"

Alitazama chini. Alisema watu wa hapa hawasikii Kiswahili, jina lingewasaidia nini.

"Chérie nayo ni Kibemba?"

"Mama, nani atacheza na jina la mufu? Wimbo ni muzuri, ndiyo sababu tuliuchukua. Tutasema merci kwako siku ingine."

"Mama yako alishika miguu yake," nilimuambia. "Wewe ulikuwa pale."

Towela, ambaye alikuwa anafunga waya, aliacha kufunga, akamuuliza Carlos mama huyu anasema nini. Carlos alibeba gitaa yake. Alipanda gari pamoja na vyombo.

Sasa wimbo unapita kwenye masimu sokoni, unagonga milango ya watu. Emilienne anauzima akiniona nakuja. Carlos amemutuma mara na soda, mara na kitambaa, nimevirudisha. Deni ni lake yeye, mwana wa Pierrette. Arudi ndani ya jumba lile, mbele ya watu walewale, ngoma inyamaze, aite Débora. Mimi nitakuwa nimekaa mbele, na nitajibu.